Bogonvilia ya Tanga: jua, kiu na mkasi

Ukipita Raskazone mwezi wa saba, masika yamekwisha na kusi inavuma, utaona jambo linalojirudia nyumba hadi nyumba. Bogonvilia iliyo nje ya ukuta, kando ya barabara, ambayo hakuna anayeijali, imewaka toka juu hadi chini. Ya ndani ya geti, rangi ileile, inayomwagiwa maji kwa mpira kila jioni na kutiwa samadi kila mwezi, ni majani matupu na miiba mirefu. Mwenye nyumba huongeza maji na samadi, na majani nayo huongezeka.

Sababu iko kwenye umbile la mmea. Kile tunachokiita ua la bogonvilia ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kibomba chembamba cheupe kilicho katikati. Mwiba na kikonyo cha ua hutoka mahali pamoja, kwenye kwapa la jani, na ni kiungo kimoja chenye njia mbili. Mmea ukishiba maji na naitrojeni, au ukikosa jua, kiungo kile huelekea kuwa mwiba. Ukikaa juani na udongo ukakauka kiasi kati ya maji na maji, huelekea kuwa kishada cha maua. Kwa hiyo tawi refu lenye miiba mikali na hakuna rangi ni mmea unaokuambia kwamba umeshiba.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Louis-Antoine de Bougainville, aliikusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, na jina la mkuu wa safari ndilo likabaki kwenye mmea. Tabia iliyokuja nayo ni ya kukua mvua ikinyesha na kuchanua ukame ukiingia, na majira ya pwani yetu yanalingana nayo vizuri: masika toka Machi hadi Mei, vuli toka Oktoba hadi Desemba, na vipindi viwili vya ukavu katikati. Bagamoyo na Pangani kalenda ni hiyohiyo, ikipishana wiki mbili tatu tu.

Kuchagua mche

Nunua mche unaochanua, au uliokwisha kuchanua hata mara moja. Rangi ya kuambiwa kwa mdomo haina dhamana, na mche usio na ua wa "chungwa" mara nyingi huishia kuwa zambarau ya kawaida.

Aina zinazopatikana huangukia makundi matatu. Ya kwanza ina majani madogo yanayong'aa, miiba mifupi na maua ya zambarau au meupe. Hii ndiyo glabra, huchanua mara nyingi kwa mwaka na inafaa uzio na chungu. Ya pili ina majani makubwa yenye vinyweleo na miiba iliyopinda kama ndoana; hiyo ni spectabilis, hupanda mita nane na zaidi, inafaa ukuta mrefu au mti mkavu, na si ya uani. Ya tatu ni machotara, buttiana, yenye majani mapana na rangi nyekundu, chungwa na dhahabu. Hizi zinapenda joto kuliko zote na ndizo huchelewa kushika mizizi. Kuna pia zenye maua mengi yaliyosongamana kama rozeti. Zinapendeza, ila majani yake ya rangi hayadondoki yakikauka: hubaki tawini yakiwa kahawia, na ni wewe wa kuyakata kwa mkono. Kama huna muda, ziache.

Mche wenye rangi mbili au tatu kwenye shina moja umeunganishwa. Hakuna ubaya, ila tazama chini ya kiungo, pale tawi la rangi lilipounganishwa na shina la chini: chipukizi lolote linalotoka hapo ni la shina mama, lina nguvu kuliko wenzake, na usipolitoa kila mwezi litazimeza rangi ulizolipia. Ling'oe kwa kulivuta kuelekea chini likiwa changa. Ukilikata kwa mkasi huacha macho, yaani vinundu vya kuchipulia, na kesho yanakuja matatu.

Angalia mizizi pia. Inua kiriba, yaani mfuko wa plastiki wenye mche: mizizi ikiwa imetoboa chini na kuzama ardhini, mche huo utaumia vibaya wakati wa kung'olewa. Chagua wenye shina gumu lenye unene wa kalamu au zaidi, uliokaa vizuri ndani ya kiriba chake.

Mahali pa kupanda

Jua la moja kwa moja saa sita kwa siku ndilo sharti la kwanza, na hakuna mbolea inayoziba pengo hilo. Chini ya mwembe au mwarobaini usihangaike. Ukuta unaotazama magharibi unafaa sana, kwa kuwa jua la mchana huupasha na joto lake hubaki hadi usiku.

Bogonvilia haina vikonyo vya kujisokota wala mizizi ya kushika ukuta. Hujiegemeza kwa miiba tu. Usipoipa kitu cha kushika, itakiegemea kilicho karibu: mfereji wa maji ya mvua, mabati, nyaya za umeme. Taji la miaka mitano lililoloa mvua ni zito mno, na upepo wa kusi ukilitikisa linaweza kung'oa mabati ya ukingo. Panda sentimita 60 hadi mita moja toka ukutani, kisha funga waya wa mabati mlalo, mstari wa kwanza sentimita 60 toka chini na mingine kila sentimita 50 juu yake, ukiuacha waya sentimita 10 mbele ya ukuta ili hewa ipite. Kwenye kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za mji mkongwe wa Bagamoyo, usipigilie misumari. Lipu ile hubanduka kwa vipande. Simamisha nguzo zake zenyewe. Kwenye shimo la choo na mabomba ya maji acha angalau mita tatu.

Kamba ya kufungia tunayo: katani. Hushika mwaka mmoja hivi kisha huoza yenyewe, wakati waya mtupu hukata gome shina linaponenepa. Funga kitanzi cha umbo la nane, mduara mmoja kwenye waya na mwingine mlegevu kwenye tawi.

Kwa uzio, nafasi ya mita moja hadi moja na nusu inatosha. Wengi hupanda kila sentimita 30 wakitaka uzibe haraka. Unaziba kweli, lakini baada ya miaka mitatu chini ni vijiti vitupu kwa sababu mimea imenyimana mwanga.

Udongo, na habari ya chokaa

Hapa ndipo bustani nyingi za Tanga huharibikia. Sehemu kubwa ya mji karibu na bahari imekaa juu ya matumbawe, na hata ukienda bara hadi Pongwe wanachimba mawe ya chokaa. Bogonvilia inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu ukipungua) kati ya 5.5 na 6.5. Kwenye chokaa pH hupanda juu ya 7.5, na madini ya chuma na manganizi, ingawa yamo udongoni, hayafyonzeki. Matokeo yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: chukua kiganja cha udongo mkavu, dondoshea siki. Udongo ukitoa mapovu na kuchemka, una chokaa. Mapovu yasipotokea, endelea bila wasiwasi.

Ukiwa na chokaa, chimba shimo kubwa kuliko kawaida, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, na udongo uliotoka, hasa ule mweupe wa chini, usiurudishe. Shimo hilo huhitaji madebe 11 hivi ya mchanganyiko: matano ya udongo mwekundu (ule unaotoka njia ya Muheza unafaa), matatu ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na matatu ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini una chumvi, na vipande vya makombe yaliyomo ni chokaa ileile unayoikimbia. Samadi ya kuku usiiweke shimoni. Huunguza mizizi na imejaa naitrojeni.

Majivu pia yana nafasi yake katika mjadala huu, kwa kuwa ndiyo ushauri wa kwanza utakaopewa: "tia majivu, itachanua." Majivu yana potashi, ni kweli, na kwenye udongo mwekundu konzi mbili kwa mwaka hazidhuru. Lakini majivu hupandisha pH. Kwenye matumbawe unaongeza chokaa juu ya chokaa, na njano inazidi. Hali ni hiyohiyo kwa mabaki ya saruji: fundi akishajenga ukuta huzika vifusi mguuni pake, palepale utakapopanda. Vichimbe na kuvitoa.

Wengine hutumia salfa ya unga, ileile ya mikorosho, kushusha pH. Ndani ya chungu inasaidia, kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha lita 20 mara moja kwa mwaka. Ardhini kwenye matumbawe ni kupoteza fedha, kwa kuwa chokaa iliyomo ni nyingi kuliko salfa utakayoweza kuinunua.

Kabla ya kupanda, jaza shimo maji. Yakikauka ndani ya saa nne, vizuri. Yakilala hadi asubuhi, umekutana na mfinyanzi au jiwe zima la tumbawe chini. Toboa jiwe kwa mtaimbo, au inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Maji yaliyotuama huua bogonvilia nyingi kuliko ukame.

Kupanda bila kuvunja mizizi

Mizizi ya bogonvilia ni myembamba na haishikani na udongo. Mche wa mwembe unaweza kuutoa kwenye kiriba, ukaukung'uta na ukapona. Huu ukifanyiwa hivyo hukauka ndani ya wiki, na mwenye kosa hulaumu mwuza miche.

Mwagilia kiriba siku moja kabla ili udongo ushikane. Kata kitako cha kiriba kwa wembe, shusha mche shimoni ukiwa bado ndani ya kiriba, zungushia udongo hadi nusu, halafu pasua upande mmoja na uvute plastiki kwa juu. Uso wa udongo wa mche uwe sawa na uso wa ardhi. Ukizika shina, linaoza. Shindilia kwa mikono, si kwa miguu. Tengeneza kisahani cha sentimita 60 kuzunguka na umwage lita 10 taratibu.

Muda mzuri ni wiki mbili za mwanzo wa mvua, za masika au za vuli. Wiki tatu za kwanza, mvua ikikosekana, mpe mche lita 10 kila baada ya siku mbili. Miezi miwili inayofuata mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Majani yakidondoka siku chache baada ya kupanda usiongeze maji. Kwangua gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, mche uko hai na unajipanga. Weka uzio wa miiba au wavu pia kama mtaani kuna mbuzi, kwa sababu chipukizi hizi wanazijua.

Mwaka wa kwanza usiudai maua. Kata ncha za matawi kila yanapofika sentimita 25 ili yagawanyike, na yaelekeze kwenye waya yakiwa bado laini. Tawi lililokomaa ukilipinda linavunjika kwenye kiungo. Matawi yanayolazwa mlalo huchanua zaidi kuliko yaliyosimama wima, kwa kuwa macho mengi huamka urefu wote wa tawi badala ya lile la nchani peke yake.

Maji na mbolea kwa mmea uliokomaa

Baada ya mwaka mmoja na nusu, mmea wa ardhini hauhitaji maji yoyote wakati wa mvua. Ukavuni, lita 20 kila siku 10 hadi 14 zinatosha, zote kwa mara moja ili zizame. Kunyunyizia kidogokidogo kila jioni ndiko kunakouharibu: mizizi hubaki juu, udongo haukauki hata siku moja, na mmea unaona ni masika mwaka mzima.

Mmea uliokataa kuchanua unaweza kulazimishwa. Mwezi wa sita, mvua zikishakatika, simamisha maji hadi majani yalegee kidogo saa za mchana. Mpe lita 20, kisha subiri tena hadi yalegee. Rudia hivyo kwa wiki tatu hadi nne, na vichwa vidogo vya rangi vikionekana nchani rudi kwenye ratiba ya kawaida, kwani ukiendelea kuubana vitadondoka. Mmea wa chini ya mwaka mmoja na ule ulio mgonjwa usiufanyie hivyo.

Mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye viwango sawa, kama 17-17-17, inatosha. Kisoda kimoja hubeba kama gramu 5. Mmea mkubwa wa ardhini upe visoda 15 hadi 20, mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa masika baada ya kupogoa, na mwishoni mwa Oktoba. Mwaga kwenye mduara chini ya ncha za matawi, si shinani, ufukie kidogo na umwagilie. Urea na mbolea nyingine za kukuzia mahindi ziache kwa mahindi. Mboji, debe moja kwa mwaka juu ya udongo, inafaa wakati wowote, mradi isiguse shina.

Kama majani yana ile njano ya mishipa ya kijani, tafuta mbolea ya chuma dukani na usome pakiti. Yenye maandishi EDTA inafaa kunyunyizia majani tu, asubuhi au jioni, kwa kipimo cha pakiti. Ukiimwaga kwenye udongo wa chokaa hupotea bure. Yenye maandishi EDDHA ndiyo inayobaki na nguvu ndani ya chokaa na ndiyo ya kumwaga chini. Majani yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi. Tazama yale mapya yatakayotoka baada ya wiki tatu.

Mkasi na kalenda yake

Maua hutoka kwenye matawi mapya. Kila ukatapo unafuta maua ya sasa na kuandaa yajayo, na toka mkasi hadi rangi ni wiki sita hadi kumi kwa kawaida. Hesabu hiyo ndiyo inayotoa kalenda.

Kupogoa kukubwa ni mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, maua ya kaskazi yakishapukutika na kabla masika hayajashika. Toa kwanza matawi makavu, yanayosuguana na yanayoingia ndani. Kisha toa zile fimbo nene zilizonyooka toka chini, zenye miiba mikubwa na nafasi ndefu kati ya jani na jani. Hizo hunyonya nguvu na huchanua kidogo. Yaliyobaki punguza theluthi moja, ukikata nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Mmea wa zamani uliokuwa kichaka unaweza kuushusha hadi sentimita 60 toka ardhini na utachipua, ila masharti ni mawili: uwe na afya, na mvua ziwe karibu. Ukifanya hivyo mwezi wa nane, jua litaunguza gome lililozoea kivuli.

Wakati wa masika matawi mapya yatakimbia. Kata ncha kila yanapofika sentimita 20 hadi 25, mara mbili au tatu. Ikifika katikati ya Mei, weka mkasi chini. Kinachoota baada ya hapo ndicho kitakachobeba maua ya Julai na Agosti, na watu wengi hukata tena mwezi wa sita "kuuweka sawa" kwa ajili ya harusi au Maulidi, wakakata rangi yote.

Vishada vikifubaa, kata ncha sentimita 10 hadi 15 chini yake na mmea utaleta duru nyingine ndogo. Mapema Oktoba punguza robo, ili matawi ya vuli yachanue Januari na Februari.

Uzio ni kesi ya pekee. Kijana wa bustani anayeunyoa kila Jumamosi kama nywele anakupa ukuta wa kijani usio na ua hata moja, kwa kuwa kila ncha iliyokaribia kuchanua imekwenda. Kata uzio mara nne kwa mwaka, si zaidi, na uuache mpana chini kuliko juu ili mwanga ufike miguuni.

Vaa glavu za ngozi na mikono mirefu. Miiba hii huchoma ndani na jeraha huvimba siku kadhaa. Kidonda kinachozidi kuuma au kutoa usaha kipeleke zahanati, na kama chanjo ya pepopunda imepitwa na wakati usisubiri. Fagia mara mbili baada ya kazi. Mwiba mkavu hupenya kandambili na tairi la baiskeli bila kubisha hodi. Mabaki usiyatie kwenye mboji: majani huoza, miiba hukaa.

Kuzalisha miche

Vipandikizi hushika vizuri Machi na Aprili, na tena Oktoba na Novemba. Tumia matawi ya kupogoa yaliyokomaa nusu, rangi ya kijani ikianza kuwa kahawia, unene wa kalamu hadi kidole kidogo. Ncha laini huoza, na mti mzee huchelewa.

Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20 vyenye macho manne hadi sita. Chini kata mshazari, kidogo chini ya jicho. Juu kata mlalo. Alama hiyo itakuokoa usipande kichwa chini, kosa linalotokea kirahisi vipande vikiwa hamsini. Toa majani yote na uvichomeke siku hiyohiyo, theluthi hadi nusu ya urefu, kwenye viriba vyenye mchanga wa mtoni na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanaweza kuchukua nafasi ya mboji, lakini kama yalikuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yaloweke na kuyasuuza mara tatu yatoke chumvi.

Viweke kwenye kivuli cha makuti kinachopitisha nusu ya mwanga. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya wiki mbili tatu utaona majani na utafurahi kabla ya wakati: kipandikizi huchipua kwa akiba iliyo ndani ya kijiti, kabla hakijatoa mzizi hata mmoja. Usikivute kukijaribu, na usikihamishe. Subiri wiki nane hadi kumi na mbili, hadi mizizi ionekane kwenye matundu ya kiriba, kisha kisogeze juani taratibu kwa wiki mbili. Ukipata sita kwa kumi umefanya vizuri.

Nyeupe, za majani yenye madoa, na zile za rozeti hukataa njia hii. Kwa hizo tumia mzizi wa hewani: kwenye tawi lenye unene wa kidole, menya pete ya gome upana wa sentimita 3, kwangua utelezi wote hadi mti mkavu, zungushia konzi mbili za makumbi yenye unyevu, funika kwa plastiki na ukaze ncha zote mbili kwa katani. Utelezi ukibaki hata kidogo, gome huungana tena na mizizi haiji. Wiki nane hivi baadaye mizizi itaonekana kupitia plastiki; kata chini yake na upande kivulini.

Ndani ya chungu

Chungu kidogo ni faida hapa, kwa kuwa mizizi iliyobanwa huchochea maua. Kipenyo cha sentimita 30 hadi 40 kinatosha miaka miwili au mitatu, na ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini hufanya kazi sawa na chungu cha bei. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga wa mtoni na moja ya mboji. Mwagilia pale kidole kikizama sentimita 4 na kukuta pakavu. Januari huenda ikawa kila siku. Mbolea visoda viwili kila miezi miwili, juu ya udongo uliolowa.

Maji ya visima karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, na chunguni chumvi haina pa kwenda. Kingo za majani zikikauka kahawia na ukoko mweupe ukitokea juu ya udongo, ndiyo yenyewe. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matamu, ya mvua toka mabati yakipatikana, mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Na sahani ya chini itoe.

Yanayoharibika

Majani ya chini yakiwa njano yote, mishipa pamoja, na udongo umelowa, mizizi inaoza. Acha maji, fungua mifereji; wa chunguni utoe, kata mizizi myeusi na ubadilishe udongo.

Madoa ya kahawia yenye ukingo wa zambarau wakati wa masika ni ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na matone. Okota majani yaliyoanguka, punguza matawi ya ndani hewa ipite, na usimwagilie majani. Jua likirudi hupungua lenyewe.

Kingo za majani zilizoliwa kama msumeno, bila mdudu kuonekana mchana, ni viwavi wa usiku, ambao rangi yao ni ya tawi. Toka na tochi saa mbili usiku uwaokote. Wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani huja pamoja na sisimizi wanaowalinda; ukiwazuia sisimizi kupanda, nusu ya kazi imekwisha. Dawa ya wote hao, pamoja na vidukari, ni mwarobaini: twanga gramu 500 za kiini cha mbegu kavu, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, ongeza vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji, na nyunyiza jioni hadi chini ya majani. Rudia kila siku saba, mara tatu. Mchana jua kali huharibu nguvu ya dawa, na sabuni huunguza majani. Mchanganyiko usilale siku ya pili.

Rangi iliyofifia ghafla kwenye mmea uleule mara nyingi ni joto la Februari au kivuli cha mti uliokua jirani. Lakini tawi moja likitoa rangi tofauti kabisa na mengine, kwanza tazama kama limetoka chini ya kiungo cha kuunganishia. Kama limetoka juu, mmea wenyewe umegeuka, jambo ambalo bogonvilia hufanya mara kwa mara. Ukiipenda rangi hiyo, fanya mzizi wa hewani kwenye tawi hilo. Usipoipenda, likate hadi kitakoni kabla halijatawala.

Na majani yote yakipukutika kwa mara moja baada ya wiki ya kusi kali yenye chumvi ya bahari, kwangua gome kwanza kabla ya kushika jembe. Kijani kikiwepo, suuza matawi kwa maji matamu, mpe lita 20, na umwache.